Kudumu na Mungu siku za kazi: maswali ya Wakristo wa Mwanza na mwambao wa ziwa

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara: baada ya ibada, kwenye jumuiya, mwaloni, hata ndani ya daladala ya Buhongwa. Tumeyajibu kwa namna itakayomfaa Mkatoliki, Mlutheri, mwana AIC (Africa Inland Church), Mpentekoste na Msabato. Pale makanisa yanapotofautiana tumesema wazi.

## Kuanza

1. Kudumu na Mungu ni nini hasa? Si kwenda kanisani kila Jumapili?

Jumapili ni sehemu yake. Kuna mambo manne: kuongea na Mungu, kulisikia neno lake, kukusanyika na wenzako, na kutenda. Ukiwa na matatu ya kwanza bila la nne, soma Isaya 58. Watu wale walifunga na kuinamisha vichwa, na siku hiyohiyo wakawaonea vibarua wao, wala Mungu hakuipokea saumu yao.

Maswali mengi tunayoulizwa yanahusu mawili ya kwanza, yaani saa ngapi na sura ngapi. Lakini wengi wanaoanguka huangukia kwenye mizani, kwenye madeni na kwenye maneno ya nyumbani. Ndiyo maana swali la 11 lina jibu refu kuliko la 2.

2. Nianze na dakika ngapi?

Kumi. Moja ya kutulia, nne za kusoma, nne za kuomba, na moja ya kuandika mstari mmoja kwenye daftari dogo. Baada ya mwezi ongeza tano ukiweza. Usipoweza, baki na kumi zako.

Kosa la kawaida ni hili: mtu anatoka kwenye mkutano wa injili akiwa moto, anaapa kuamka saa 10 alfajiri na kuomba saa nzima. Siku ya tano amechoka, siku ya tisa amelala, siku ya kumi anaona haya na kuacha kabisa. Amri aliyojitwisha ilikuwa yake mwenyewe, si ya Mungu, lakini anakimbia kana kwamba amemkosea Mungu.

Zifunge dakika zako kwenye jambo ambalo tayari hulikosi: maji ya chai yanapochemka, au kabla hujafungua kibanda. Anayesema "nitaomba nikipata nafasi" hapati.

3. Lazima iwe alfajiri?

Hapana. Yesu aliamka alfajiri na mapema sana (Marko 1:35), Danieli aliomba mara tatu kwa siku, na Zaburi ya 134 iliandikwa kwa ajili ya watu wa zamu ya usiku hekaluni. Wakatoliki wana sala ya Malaika wa Bwana saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni, utaratibu unaomfaa mtu asiyeweza kukaa muda mrefu kwa mara moja.

Alfajiri ina faida moja ya hapa kwetu. Mwanza iko magharibi ya mstari unaopanga saa za Afrika Mashariki, kwa hiyo saa 12 asubuhi bado ni giza na mtaa umetulia. Kama umelala saa 5 usiku, itumie. Kama umelala saa 9, lala.

4. Tumepanga chumba kimoja na watoto wanne. Nisali wapi?

"Chumba cha ndani" cha Mathayo 6:6 si lazima kiwe na mlango. Wengine hujifunika kanga au shuka kichwani wakiwa wameketi kitandani, na watoto wakishaizoea alama hiyo huacha kusumbua kwa dakika hizo chache. Wengine hufika kanisani nusu saa kabla ya misa au ibada. Wapo wanaopanda kwenye mawe ya milima yetu. Ni pazuri, ila usipande peke yako gizani.

Sauti pia si lazima. Hana aliomba midomo ikicheza tu, sauti isisikike (1 Samweli 1:13). Nyumba nyingi za kupanga zina dari moja kwa vyumba vyote, na anayekemea kwa sauti saa 8 usiku anamnyima usingizi jirani anayewahi sokoni saa 11. Hilo nalo atalijibu mbele za Mungu.

## Kusoma, kuomba na kufunga

5. Nisome nini, kwa mpangilio gani?

Anza na Marko. Ina sura 16, sura moja kwa siku. Kisha Agano Jipya lote: lina sura 260, kwa hiyo ukisoma moja kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, unamaliza kwa wiki 52 kamili na mwisho wa wiki unabaki wa kufidia. Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189; tatu kila siku na tano Jumapili zinatosha mwaka mzima. Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73, ongeza wiki kadhaa.

Wanaoanzia Mwanzo tarehe 1 Januari kwa mwendo huo hukutana na Walawi mwisho wa mwezi, na wengi huishia hapo kati ya mafuta na figo za wanyama. Dawa yake ni kuchanganya: sura mbili za Agano la Kale na moja ya Injili.

Mkatoliki ana masomo ya misa ya kila siku kwenye kalenda ya liturujia. Mpangilio umeshapangwa, wa nini kutafuta mwingine?

Kuhusu tafsiri, Union Version ya 1952 ndiyo iliyo midomoni mwa wazee na kwenye nyimbo, lakini Kiswahili chake humkwaza kijana wa leo. Habari Njema ni nyepesi. Usome nyepesi uelewe, uikariri ile ya zamani. Kwa vyovyote, jiulize maswali matatu: hapa panasema nini, pananigusa wapi, na leo nifanye nini. La tatu lijibu kwa jambo lenye jina na saa. "Nimpende jirani" halitoshi. "Nirudishe sufuria ya mama Neema kabla ya saa 4" linatosha.

6. Niko ziwani usiku kucha. Nafanyaje?

Usihamishe ratiba ya mtu wa ofisini ukaiweka mtumbwini. Angalia kazi yako ilivyo. Wavuvi wa dagaa hutoka jioni, huwasha taa, kisha husubiri dagaa wakusanyike ndipo nyavu zivutwe. Kule kusubiri ndiyo saa yako. Wakati wa kuvuta, vuta.

Karatasi huloa, kwa hiyo kariri ukiwa nchi kavu: Zaburi ya 117 ina mistari miwili, ya 134 ina mitatu. Ukikariri mstari mmoja kwa wiki, mwaka unaishia na zaidi ya hamsini kichwani ambayo maji hayaifikii. Biblia ya sauti kwenye memori kadi inacheza hata kwenye kitochi, lakini usizibe masikio yote mawili: lazima usikie injini ya mwingine na upepo ukibadilika. Na jaketi okozi livaliwe. Zaburi ya 107 inawataja washukao baharini wakamlilia Bwana katika dhoruba. Haisemi kwamba walitupa makasia.

Hatari kubwa huwa haiko ziwani. Iko siku za mbalamwezi, mwezi unapokuwa mkubwa, taa za mtumbwi hazivuti dagaa na mitumbwi inavutwa mchangani. Mvuvi aliyeomba vizuri kwenye giza anakaa kambini siku kadhaa, hana kazi, ana pesa ya mgao mfukoni, na pombe iko hatua ishirini. Basi panga siku hizo kabla hazijafika: pesa itumwe nyumbani siku ileile ya mgao, siku mbili za kushona nyavu, na jioni wawili au watatu msome pamoja. Mwenye nauli arudi kwa familia.

Nesi na mlinzi nao wana zamu zao. Wao tunawaambia kinyume cha wanavyotegemea: baada ya zamu omba dakika tano ulale, usomaji ubaki hadi utakapoamka mchana. Eliya alipochoka hadi akataka kufa, malaika hakumpa somo. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena (1 Wafalme 19).

7. Nikianza kuomba akili inakimbia, au nasinzia.

Weka daftari kando. Likikujia wazo la deni au la kumpigia fundi, liandike, urudi. Ombi lisilo na maneno ya kushikilia hupotea haraka, kwa hiyo azima maneno: Baba Yetu polepole, kifungu kwa kifungu, au zaburi, au rozari. Kusinzia mara nyingi ni usingizi unaokudai, si shetani. Simama, nawa uso. Ikiendelea wiki nzima, lala mapema.

8. Natumia Biblia ya kwenye simu. Kuna ubaya?

Ubaya hauko kwenye Biblia, uko kwenye ujumbe unaoingia ukiwa mstari wa nne. Zima data kwanza. Kusoma "neno la leo" lililosambazwa kwenye kundi ni kama kulamba kijiko cha mwenzako, hujala bado. Na ujumbe wa "tuma kwa watu 12 upokee muujiza, usipotuma utapatwa na baya" ufute. Huo ni ushirikina uliovaa suti ya kanisani.

9. Nataka kufunga. Naanzaje, na nani asifunge?

Anza na siku moja, kuanzia asubuhi hadi saa 12 jioni, ukinywa maji. Saa ya chakula iwe saa ya kuomba, na pesa ya chakula hicho apewe mwenye njaa. Bila hayo mawili umekaa na njaa tu. Ukifungua, anza na uji mwepesi na subiri kidogo. Ugali na sato juu ya tumbo tupu utakulaza na maumivu.

Asifunge kula mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, mwenye kisukari au vidonda vya tumbo, wala anayetumia dawa zinazohitaji chakula. Dawa za TB na ARV haziachwi kwa sababu ya saumu, hata kiongozi wa maombi akisema. Dereva na anayebeba magunia jua kali wachague siku ya mapumziko, au wafunge kitu kingine: soda, mpira wa kwenye kibanda umiza, maneno. Kufunga kavu siku tatu bila maji kunaweza kuharibu figo na hatukushauri kwa yeyote.

Kwa Wakatoliki, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu zina kanuni yake: mlo kamili mmoja na milo midogo miwili, kwa wenye miaka 18 hadi 59, na nyama hailiwi kuanzia miaka 14.

## Nyumbani

10. Tufanyeje ibada ya familia bila watoto kuchoka, na kama mwenzangu hataki?

Dakika 15 zisizidi. Wimbo mmoja, mistari mitano hadi kumi, swali moja kwa watoto, kila mmoja sentensi moja ya kuomba, Baba Yetu, mwisho. Fanyeni kabla ya chakula cha usiku, kwa sababu baada yake wadogo wamelala. Msomaji abadilike kila siku. Dada wa kazi aketi na wengine, asome na zamu yake.

Kinachoua ibada za nyumbani ni mzazi anayeigeuza baraza la kesi: "Ee Bwana, mguse huyu asiyesikia, aliyevunja sahani." Mtoto anafumba macho na kuhesabu dakika. Sahani izungumzwe kando.

Mwenzi asiyeamini, au wa dini nyingine, usimhubirie kupitia maombi ya sauti. Mwambie saa yako ya kuomba, umwombe akuachie, na usiikimbie kazi ya nyumbani kwa jina la kesha. Anayekesha kanisani mara tatu kwa wiki huku nyumba imemwelemea mwenzake anamfundisha kumchukia Mungu. Petro alisema wavutwe pasipo neno, kwa mwenendo (1 Petro 3:1).

## Sokoni na mfukoni

11. Nafanya biashara ya dagaa. Kila mtu anachezea vipimo. Nitaishije?

Biblia haizungushi hapa: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA" (Mithali 11:1), na Kumbukumbu 25 inakataza kuwa na vipimo viwili, kikubwa na kidogo. Vya hapa kwetu tunavijua: kisado kilichogongwa kitako kiingie ndani, sindano ya mizani isiyoanzia sifuri, dagaa waliolowekwa kidogo waongezeke uzito, wa jana chini na wa leo juu, walioanikwa mchangani kuuzwa kwa bei ya walioanikwa kwenye chanja. Na lumbesa, gunia linaloongezewa kichwa ili mkulima alipwe gunia moja kwa mzigo wa zaidi ya gunia.

Ukitaka kunyoosha, fanya hivi. Nunua kisado kipya na ukitie alama yako. Pima mzigo uleule kwenye mizani ya mtu mwingine mara moja kwa wiki. Tenga madaraja mawili, uyataje kabla mteja hajauliza: "Hawa wa chanja, hawa wana mchanga kidogo, bei yao hii." Kisha kubali ukweli mchungu: wiki za kwanza bei yako itaonekana kubwa, kwa sababu jirani anauza kisado pungufu kwa bei ndogo. Weka visado viwili mbele ya mteja amimine mwenyewe aone. Mama ntilie na wenye maduka hurudi kwa anayewajazia. Mpita njia anaweza asirudi.

Upande wa uvuvi ni vilevile. Kokoro, wavu wa kukokota hadi ufukweni, limekatazwa, na sangara wa chini ya sentimita 50 au sato wa chini ya 25 hawaruhusiwi. Kuuombea wavu huo hakuufanyi kuwa halali. Kama tajiri wa mtumbwi ndiye anayekuagiza, mwambie faraghani kwanza, huku ukitafuta mtumbwi mwingine. Usisubiri hadi ukamatwe naye.

12. Fungu la kumi nalitoa kwenye mauzo au kwenye faida?

Kwenye kilicho chako. Umenunua dagaa kwa shilingi 400,000, usafiri na vibarua 40,000, umeuza 520,000. Faida ni 80,000 na sehemu yake ya kumi ni 8,000. Ukitoa 52,000 unabaki na faida ya 28,000 tu, na matumizi ya nyumbani yakizidi hapo utakula mtaji. Mvuvi ahesabu kwenye mgao wake, baada ya mafuta na chakula kuondolewa.

Wapentekoste wengi, Wasabato na AIC hufundisha sehemu ya kumi. Parokia za Kikatoliki nazo zina utaratibu wao wa zaka, muulize katekista. Ila kwa wote, ujira wa aliyekufanyia kazi hulipwa kwanza (Yakobo 5:4), na sadaka haikopwi. Kuchukua mkopo wa kausha damu upande "mbegu" kwa sababu umeahidiwa itarudi mara mia ni kucheza kamari madhabahuni. Anayekutajia kiasi na tarehe ya muujiza, mwage.

13. Soko halifungi Jumapili. Na Msabato anayeuza samaki je?

Mkatoliki anaweza kutimiza kwa misa ya Jumamosi jioni inayohesabiwa ya Jumapili. Makanisa mengi yana ibada ya kwanza mapema. Fungua kibanda baada yake. Kwa Msabato, Sabato huanza jua la Ijumaa linapozama, na Mwanza ni kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na robo jioni. Anza kufunga kibanda saa 11, kwa sababu samaki wabichi waliobaki ndio wanaomfanya mtu "amalizie kidogo" hadi usiku. Nunua mzigo mdogo Alhamisi.

## Penye ugumu

14. Ukoo umeitisha tambiko. Na mwenzangu ametia dawa kwenye mtumbwi.

Tenganisha mambo. Kusafisha kaburi la babu, kupika, kula na ndugu, kumtaja marehemu kwa heshima: hayo ni kuwaheshimu wazazi. Kumwaga pombe au damu na kuwaomba wafu baraka au samaki, hapo makanisa tuliyoyataja yanasema Mkristo asishiriki. Dawa ya mtumbwi na hirizi ziko upande huo wa pili. Maji ya baraka ya Kikatoliki ni jambo jingine: ni kisakramenti kinachoambatana na sala na imani, na hata hayo yakitumiwa kama dawa ya bahati yamegeuzwa hirizi.

Usiende kubishana siku ya tukio. Nenda wiki moja kabla, kaa chini kwa mkubwa wa ukoo: "Shikamoo baba mkubwa. Nitakuja, nitaleta mchele na sukari, nitachota maji na kupasua kuni. Ila saa ya kumwaga pombe nitakuwa pembeni, kwa sababu ya imani yangu. Sijawadharau." Halafu fanya kazi kuliko wote. Wanaotengwa na ukoo mara nyingi ni wale waliokataa kuchangia pia, wakaita kila kitu mapepo.

15. Nimeacha miezi sita. Narudije?

Leo, kwa dakika kumi za swali la 2. Usilipe sura ulizoruka. Kama kuna dhambi iliyokutoa, iungame: Mkatoliki aende kitubio, wengine wamwendee Mungu na mchungaji wakihitaji. Kama kuna mtu umemdhulumu, mrudishie, hata kwa awamu. Zakayo alitaja hesabu (Luka 19:8).

16. Naomba lakini sisikii chochote. Mungu ameniacha?

Zaburi ya 13 na ya 88 ziliandikwa na watu waliouliza hivyo, na ya 88 inaishia gizani bila jibu. Bado iko kwenye Biblia. Endelea na maneno ya kuazima kama swali la 7, yawe mafupi.

Lakini chunguza na mwili. Huzuni ya wiki mbili au zaidi, usingizi kupotea, chakula kutopita, kuchoka bila kazi: nenda hospitali, ukiwa na maombi yako. Huenda ni ugonjwa, nao unatibika. Ukipata mawazo ya kujiua, mwambie mtu leo hii na usibaki peke yako usiku. Anayekuambia ni upungufu wa imani amekosea.

17. Nimehamia kambini kisiwani, hakuna kanisa la dhehebu langu.

Kasali na waliopo. Muulize kiongozi wao kabla kuhusu meza ya Bwana. Mkatoliki hapokei kwa Waprotestanti, na Mprotestanti hapokei kwa Wakatoliki, ila nyimbo, neno na maombi hayana mpaka. Usianzishe dhehebu lako chini ya mwembe wiki ya kwanza. Kama hakuna kabisa, tafuta mmoja, chagueni jioni moja ya wiki na saa, msome Marko mmalize. Ukipanda kivuko kurudi mjini, pitia kwa mchungaji au mwenyekiti wa jumuiya yako umwambie uko wapi na unarudi lini, jina lako lisifutwe kwenye orodha.